Gramu na Gari la Binti Yake

Dereva wa lori la vigae alinishusha kwenye mzunguko wa barabara, akaniambia niufuate ukuta wa ghala mpaka utakapokatika, halafu nisikilize. "Ukisikia mtu anagombana na boliti, umefika," alisema, akaondoka.

Ukuta ulikuwa mrefu kweli. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la rangi, kinyozi, duka la kufulia nguo, na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijivu mara nyingi hadi kona zake zikawa mviringo. Ugomvi sikuusikia. Nilisikia mtu akisoma namba kwa sauti ya chini, kama anayesoma majibu ya hospitali: "Mia mbili arobaini. Mia mbili arobaini na sita. Mia mbili sabini na moja." Kisha akamalizia: "Mia mbili sabini na saba. Haya. Nimeona. Liondoe."

"Baba, hujaliendesha."

"Elfu moja thelathini na nne, mwanangu. Niliendeshe la nini?"

Mzee huyo jina lake la utani ni Gramu, na watu wachache wanakumbuka lile jingine. Habari zake nilizipata kwa abiria mmoja kwenye treni siku mbili kabla. Alinieleza kwamba katika mji huu yuko fundi wa magari madogo ya wazi, yale ya viti viwili yasiyo na paa, ambaye hukaa kwenye gari dakika moja akakwambia umesahau nini kwenye buti. Nilimchukulia abiria yule kuwa mtu wa chumvi nyingi, lakini nilikuwa na siku tatu bila shughuli.

Karakana ina ukubwa wa darasa. Katikati, mizani nne za kupimia magunia ya nafaka zimechimbiwa sakafuni, kila moja mahali pa gurudumu moja. Ukutani kuna ndoano, na kwenye ndoano yananing'inia magunia ya turubai yenye mchanga, thelathini na moja, mengine manene mengine membamba, kila moja limeandikwa kwa wino mweusi: Mhasibu, 71. Mwalimu wa kike, 63. Muuza miwani, 90. Wenyewe huyaita mawakili. Gari jepesi likitengenezwa lazima lipimwe likiwa na dereva wake ndani, na madereva mchana wako kazini, kwa hiyo kila mwenye gari ana wakili wake wa mchanga anayemkalia kiti. Mwanzoni mwa kila mwaka mwenye gari hutoa kilo zake upya, na gunia huongezwa au hupunguzwa. Kuna watu wameacha sukari kwa sababu ya ndoano zile.

Juu ya mizani siku hiyo palikuwa na gari ambalo halijapakwa rangi, la viti viwili, la wazi kama mengine, ila halikuwa na bomba la moshi. Kando yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya kazi, mikono ameifunga kifuani kama baba yake. Huyo alikuwa binti. Kwenye kibao mlangoni aliketi mtu mnene mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, daktari wa meno, kaka wa mke wa Gramu. Mke mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, kwenye cherehani, akishona kiti cha ngozi bila kuinua kichwa.

"Umesoma namba tu, Baba," binti akasema.

"Na zimenitosha. Daktari hapo akishaona picha ya jino bovu, analitafuna kwanza?"

"Mimi huwa naligonga kidogo," shemeji akajibu, "ili mgonjwa naye aone nafanya kazi."

"Wewe nyamaza, hujaulizwa."

"Umeniuliza sasa hivi."

Kilichokuwa hatarini nilikielewa kabla sijapewa kiti. Binti anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari ya umeme, safari ya kilomita mia moja na tisini kutoka pale. Kiwanda kinajulikana kwa magari ya kubebea vifurushi. Miaka sita iliyopita aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu, na wenzake wanne, watengeneze gari dogo la wazi litakalopendwa na watu wanaopenda magari mepesi. Wakubwa walikubali kwa shingo upande. Sasa gari la majaribio lilikuwa tayari, na wakubwa walijua jambo moja: wanunuzi wa kwanza watatoka katika watu mia tatu wa chama cha magari mepesi, na watu hao hawanunui hata kioo cha pembeni bila kumuuliza Gramu. Wakamwambia binti alete neno la baba yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Likiwa ndiyo, gari litajengwa. Likiwa hapana, mradi unafungwa, na yeye anarudi kwenye magari ya vifurushi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Wapenzi wa magari haya niliokutana nao katika nchi nyingine wana tabia moja: hawataji mwendo, hutaja kilo. Ukimwambia mmoja wao kwamba gari fulani linakwenda kasi, atakuuliza lina uzito gani, kama mama anayeuliza mchumba ni mtoto wa nani. Nilidhani Gramu angekuwa hivyo hivyo, na ndivyo alivyokuwa, ila yeye alianzia mbali na magari.

Alianzia posta. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliwekwa dirisha la vifurushi, na kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kupokea kifurushi mkononi, kukiweka kwenye mizani na kusoma. Mwaka wa pili alianza kutaja uzito kabla ya kukiweka. Mwaka wa nne wenzake waliacha kumbishia. Jina alilipata hapo. Chumba cha nyuma alikaa msichana aliyeshona magunia ya barua yaliyochanika, na msichana huyo ndiye sasa anashona viti.

"Siku ya kwanza alinipokea mfuko mlangoni," mkewe alinisimulia jioni ile, sindano mdomoni. "Nikadhani ni heshima. Akaniambia, dada, una kilo mbili na robo."

"Zilikuwa mbili na robo?"

"Kamili. Nikajua huyu hatanidanganya, ila ataniudhi."

Gari la kwanza alilikuta uani mwa posta, limeachwa na mtu aliyehama, majani yameota kupitia sakafu yake. Alilipeleka nyumbani vipande vipande kwa mkokoteni, wiki sita. Viti vilikuwa vimeoza, mkewe akashona vingine kwa turubai ya magunia. Walipomaliza kulifunga, vitu kumi na saba vilikuwa havijapatikana: kifuniko cha buti, hita, kasha la dashibodi, bampa ya nyuma. Wakaliwasha hivyo hivyo. Gramu anasema alipokata kona ya kwanza alidhani kuna kitu kimekatika, maana hakuwahi kuona gari likigeuka kabla hajamaliza kuamua. Tangu siku hiyo kila anachokitoa kwenye gari anakihesabu kuwa faida. Dirisha la vifurushi lilipofungwa, aliomba apewe mizani na magunia badala ya sherehe ya kuagwa. Walimpa vyote, na sherehe wakamfanyia, akaondoka kabla ya hotuba.

Miaka ishirini na mitatu sasa anafanya kazi hii. Anatoboa breki ya mkono matundu kama filimbi. Anakata vichwa vya funguo. Mteja akija na kichupa cha marashi kwenye dashibodi, Gramu hukishika mkononi, humtajia gramu zake, humrudishia bila neno lingine, na mteja mwenyewe hukitia mfukoni kwa aibu.

Usiku ule nililala chumba cha kupanga juu ya duka la rangi. Sikuwasikia wakizozana. Walikula pamoja, binti akaosha vyombo, baba akamuuliza habari za meno yake. Ila gari lilibaki juu ya mizani, na kila mmoja alilizunguka alipokwenda bafuni.

Alhamisi asubuhi binti aliomba jambo dogo. Alitaka kupima gari jekundu la mjomba wake, daktari wa meno, ambalo ndilo fahari ya karakana. Katika chama, watu wakibishana juu ya wepesi, hutaja gari hilo: kilo mia sita na tisini, dereva akiwa ndani. Binti alikuwa na mizani zake mwenyewe, sahani nne nyembamba zenye waya, na alitaka kupeleka kiwandani namba zilizopimwa kwa mizani ileile iliyopima gari lake.

"Pima," Gramu akasema. "Hata ukipima kwa kijiko."

Wakalipandisha jekundu kwenye sahani. Gunia la shemeji lilikuwa limeandikwa 84. Binti alilitazama, akamtazama mjomba wake aliyekuwa anakula andazi.

"Mjomba, kwa kuwa upo, si ukae mwenyewe tu?"

"Mimi? Wakili wangu yupo hapo."

"Wakili wa nini na mwenye kesi amefika?"

Shemeji alisema ana mgonjwa saa tatu. Alisema mgongo unamuuma. Mwishowe alikaa, na gari lilishuka kidogo kwenye springi zake kwa namna ambayo hata mimi niliiona. Binti akasoma kwenye kioo cha simu yake.

"Mia saba kumi na mbili."

"Sahani zako mbovu," Gramu akasema papo hapo. Akaenda kwenye rafu, akachukua jiwe la mizani la shaba la kilo tano alilotoka nalo posta, akaliweka kwenye sahani ya kwanza. Tano kamili. Ya pili, tano. Ya tatu na ya nne, tano. Akaliinua jiwe, akasimama nalo mkononi.

"Shemeji. Shuka. Njoo huku kwenye mizani ya vifurushi."

"Jamani, mgonjwa wangu..."

"Simama katikati. Usishike ukuta."

Mia moja na sita. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Nani anajaza magunia?" Gramu akauliza, ingawa karakana nzima ilijua, naye alijua.

"Mimi," mkewe akasema.

"Na hili ulilijaza kwa kipimo gani?"

"Kwa alichoniambia."

"Alikwambia themanini na nne?"

"Nilikuwa themanini na nne," shemeji akasema. "Kuna mwaka nilikuwa."

"Mwaka gani?"

"Ule niliooa."

"Mwanao wa kwanza amemaliza chuo!"

"Ni kaka yangu," mkewe akasema, na sasa alikuwa anajitahidi asicheke. "Kila Januari ananiomba. Ningemwandika mia na sita pale ukutani, kila mteja asome?"

Gramu aliweka jiwe la shaba chini taratibu. "Miaka kumi na minne natoboa vitasa vya gari hili kupunguza gramu arobaini. Arobaini! Na nyinyi ndugu wawili mmenifichia kilo ishirini na mbili."

Hapo nilidhani siku imeharibika. Mtu aliyejenga jina lake juu ya kipimo alikuwa ameongopewa na mkewe na shemejiye, mbele ya mgeni, na kosa lilikuwa la aina ambayo isingetokea popote isipokuwa katika chumba kile, ambamo watu hukaliwa viti na magunia. Shemeji alikuwa tayari ameshika ufunguo wa kuondokea. Lakini binti hakuwa anawasikiliza. Alikuwa bado anasoma simu yake, uso umekunjamana.

"Baba, njoo uone. Gari hili limekaa sawa."

Nitalieleza kama nilivyoelezwa. Chini ya kila springi kuna nati kubwa. Ukiigeuza, kona hiyo ya gari huinuka au hushuka, na uzito huhama kutoka gurudumu moja kwenda jingine. Fundi mzuri hutaka gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yabebe jumla sawa na mengine mawili. Yakipishana, gari litapinda vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Binti alimrudisha mjomba wake kitini, akasoma: jumla mbili zilipishana kwa nusu kilo. Akamtoa, akaliweka gunia: zikapishana kwa kilo tatu na nusu.

"Ulilipima kwa gunia," akamwambia baba yake. "Lilipaswa kuwa sawa kwa gunia na baya kwa Mjomba. Ni kinyume. Ulifanya nini baada ya kupima?"

"Nilitoka naye barabarani, kama kawaida."

"Halafu?"

"Halafu niliona linachelewa kupinda kulia. Nikageuza nati ya nyuma. Robo tatu ya mzunguko, kama sikosei."

"Ukalirudisha kwenye mizani?"

"Nilirudishe la nini? Lilikuwa limekaa vizuri."

"Basi. Mizani ilidanganywa, Baba, wewe hukudanganywa. Zile kilo ishirini na mbili ulizijua kwa... ulizijua ulipokaa."

"Anamaanisha makalio," shemeji akasema, "ila anakuheshimu."

Gramu hakucheka. Alilizunguka gari jekundu mara moja, akainama kutazama ile nati, akaigusa kwa kidole. Aliyatazama magunia ukutani, yale thelathini yaliyobaki, na nadhani alikuwa anajiuliza mangapi mengine yalikuwa ya kuhurumiana. Kisha akaenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwikoni, akatoa mfukoni funguo, kijitabu na kitambaa, akaviweka kwenye meza ya mkewe.

"Ufunguo wa gari lako uko wapi?" akamuuliza binti.

"Halina ufunguo, Baba."

"Hilo nimelipenda. Twende."

Barabara ya kwenda kwenye tangi la maji la mji ina kona kumi na moja, na juu kabisa kuna uwanja wa changarawe na ua wa waya. Chama hupanda huko Jumapili asubuhi. Gari la umeme liliondoka na Gramu kwenye usukani, binti pembeni. Mimi nilipanda jekundu na shemeji, ambaye alikuwa ameahirisha mgonjwa kwa simu, akisingizia dharura ya kifamilia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kwenye kona ya pili tuliwapoteza. Shemeji anaendesha vizuri sana kwa mtu aliyetoka kuumbuliwa na gunia lake. Mikono yake ilikuwa myepesi, gari lilipinda kana kwamba tumelifikiria tu. Injini ililalamika kwa furaha. Lakini mbele yetu hapakuwa na mtu. Tulipofika juu binti alikuwa ameshashuka garini, na Gramu alikuwa ameshaanza kushuka tena, peke yake. Alipanda na kushuka mara nne. Mara ya tano aliomba jekundu, akashuka nalo na kupanda nalo, akarudi kwenye la umeme. Binti alikaa juu ya jiwe, akiuma kucha ya kidole gumba.

Mwisho Gramu alisimamisha gari kando ya ua, akabaki amekaa ndani, mikono juu ya mapaja.

"Haya, sema," binti akasema.

"Kupanda, limetushinda. Halituachi kidogo, linatuacha kabisa. Hilo andika."

"Sijaja kwa ajili ya kupanda."

"Najua. Nakuja huko. Kanyagio la mwendo la gari hili ni zuri kuliko yote niliyowahi kukanyaga. Katikati ya kona ukiachia kanyagio unywele mmoja, pua inarudi ndani unywele mmoja. Jekundu haliwezi. Jekundu lina injini inayofikiri kwanza."

"Na kushuka?"

"Kushuka unaliambia geuka, linakubali, halafu ndiyo linageuka. Breki zako nzuri, lakini kona ya nne kutoka chini nilisikia harufu. Na kuna mahali, ile kona inayozidi kujikunja, nilijikuta nasubiri. Gari jepesi halisubiriwi. Nikisema linalingana na jekundu nitakuwa nimesema uongo, na watu wa chama watajua wakifika kona hiyo hiyo."

Binti aliitikia kwa kichwa. Uso wake haukubadilika, ila aliacha kuuma kucha.

"Kwa hiyo ni hapana."

"Nimesema hapana? Betri ina kilo ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Inakwenda umbali gani?"

"Kilomita mia nne."

"Shemeji!" akaita. Shemeji alikuwa anakojoa nyuma ya kichaka, akajibu kutoka huko huko. "Jumapili unaendesha kilomita ngapi?"

"Kuja hapa na kurudi, halafu nyumbani! Sitini! Kukiwa na mvua, sifuri!"

"Umewahi kwenda mia nne na gari hili?"

"Na mgongo huu? Safari ndefu naenda na la mke wangu!"

Gramu akamgeukia binti. "Mnambebesha dereva safari asiyokwenda. Theluthi ya betri ile itoe. Kilo mia na ushei hizo. Viti vyenye mota vitoe, mama yako atakushonea vya kilo nne. Lile televisheni la katikati litoe. Magurudumu madogo zaidi, basi na breki zitapumua. Ukifika mia nane na hamsini, mimi sina tena la kusema. Hapo litalingana, na kupanda bado litatuacha."

"Baba, yote hayo nimeyasema."

"Wakasemaje?"

"Kwamba tangazo limeshaandikwa kilomita mia nne. Nimewaambia mara tatu. Mara ya tatu nilitolewa kikaoni." Sauti yake ilikuwa tulivu, na nilielewa kuwa hilo ndilo alilokuja nalo tangu Jumatano na hakulitoa. "Wanataka ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, watalijenga hivi lilivyo, na jina lako juu yake. Ukisema hapana, wanafunga. Hakuna anayetaka kusikia betri ndogo kutoka kwangu."

Upepo ulikuwa unatikisa ua wa waya. Shemeji alirudi akijifuta mikono kwenye majani, akatutazama mmoja mmoja.

"Wewe wamekutoa kikaoni," Gramu akasema. "Mimi hawajanitoa bado."

"Unasemaje?"

"Kesho saa sita, si ndiyo? Nitawapelekea neno mwenyewe. Waje wakae nami humo ndani, mmoja mmoja, niwapitishe kwenye kona."

"Baba, hujatoka mji huu miaka kumi na moja."

"Sikuwa na pa kwenda."

Ijumaa saa moja asubuhi mkewe alikuwa ameshapiga pasi shati. Alimtolea na koti, mumewe akalikataa, akamwambia linamkaba. Wakabishana juu ya koti kwa dakika kumi, ugomvi wa kwanza niliousikia katika nyumba ile, nalo koti lilishinda. Kuhusu gunia hawakuzungumza mbele yangu. Shemeji alikuja kuwaaga kabla ya kufungua kliniki, akaleta chupa ya chai, na Gramu aliipokea akiwa ameelekea upande mwingine, jambo ambalo mkewe alisema ni nusu ya msamaha.

"Na hiyo safari ya leo," mkewe akamuuliza binti, "kwa betri ndogo anayoitaka baba yako, mngefika?"

"Tungefika na ikabaki, Mama."

"Basi mwambieni hivyo mkubwa wenu. Anza na hilo, baba'ke, kabla hujaanza kuwatukania viti vyao."

"Sitamtukana mtu."

"Nakujua."

Niliomba kwenda nao. Binti akanionyesha gari kwa mkono wazi: viti viwili. Gramu alishajikunja ndani, magoti karibu na kidevu, koti limepanda mabegani, na alikuwa anajaribu kutafuta mahali ambapo kiti kinasogezwa kwa mkono. Binti alimwonyesha kitufe. Kiti kikaguna, kikarudi nyuma polepole sana, na wakati wote huo Gramu alimtazama binti yake bila kupepesa. "Hiki ndicho cha kwanza," akasema. "Mota hii ina kilo moja na mia sita."

"Na mia saba," binti akasema, akaondoa gari.

Tuliwatazama wakifika mwisho wa ukuta wa ghala. Taa ya kugeukia iliwaka kulia, wakapotea.

Mkewe alirudi ndani, akafungua mlango wote wa chuma, akaketi kwenye cherehani. Kiti cha ngozi cha mteja kilikuwa kimeshonwa nusu. Saa mbili kasoro simu ya ukutani ikalia, akaipokea akiwa ameibana kwa bega.

"Hayupo. Jumatatu labda. Hapana, si mgonjwa. Ameenda kazini kwa mtoto kumsemea." Akasikiliza. "Ndiyo, yule injinia. Hata akiwa na miaka themanini, ni mtoto." Akaweka simu, akavuta ngozi mezani, akanitazama nilivyosimama katikati ya karakana bila kazi.

"Shika hapa," akasema. "Vuta. Usiivute hivyo, unaitanua. Taratibu."